Mwiko na Mzio: Chakula cha Mama, Maziwa Yake na Ngozi ya Mtoto

Mtoto mchanga anapotoka upele, au anapolia usiku kucha bila kutulia, swali la kwanza analoulizwa mama yake ni fupi: "Umekula nini?" Swali hilo huulizwa na mama mkwe, na jirani, na pengine hata na mhudumu wa zahanati. Nyuma yake imo imani ya kale kwamba kila kinachoingia kinywani mwa mama hushuka mpaka kwenye ziwa, na kutoka ziwani humfikia mtoto. Imani hiyo si uongo mtupu, wala si kweli tupu. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi binadamu walivyolishughulikia swali hilo katika karne hii iliyopita, hasa katika nchi yetu ya Uganda, na kuonyesha kwamba jibu lake lina uzito mkubwa kwa akina mama wa vijijini, ambao chakula chao hakina ziada ya kutupwa.

Nitatolea mfano tarafa ya Kuluba, iliyoko katika wilaya ya Koboko, kaskazini-magharibi mwa Nile Magharibi, ambako mipaka ya Uganda, Sudan ya Kusini na Kongo inakaribiana. (Msomaji asiichanganye na Kuluva, ambayo ina hospitali mashuhuri na iko karibu na mji wa Arua.) Koboko ilikuwa sehemu ya wilaya ya Arua hadi mwaka 2005 ilipofanywa wilaya kamili. Wenyeji wake wengi ni Wakakwa, na majirani zao ni Walugbara. Chakula cha huko ni muhogo, mtama, wimbi, kunde na maharage, na kinachokipa ladha na nguvu ni karanga na ufuta. Basi tukimwambia mama wa Kuluba aache karanga, ufuta, mayai na samaki kwa ajili ya mtoto anayemnyonyesha, tumemwachia nini isipokuwa ugali wa muhogo na majani?

Sisi walimu wa lugha tuna desturi ya kuanzia kwenye maneno, na hapa maneno yenyewe yana fundisho. Hali ya mwili kukikataa chakula ambacho wengine wanakila bila madhara, Kiswahili cha leo kinaiita "mzio". Neno hili halikubuniwa na madaktari. Tangu zamani mzio ulikuwa chakula au kitu ambacho mtu hukiepuka, ama kwa sababu kinamdhuru, ama kwa sababu ni mwiko kwake. Waganda wanalo neno "omuziro", yaani kile ambacho ukoo haukili, nalo ni ndugu wa damu wa mzio wetu: yote mawili yametokana na shina moja la kale la Kibantu lenye maana ya kujizuia. Kwa hiyo katika neno moja tumerithi mambo mawili yaliyo mbali sana: amri ya jamii na kataa ya mwili.

Wazungu kwa upande wao walilazimika kuunda neno jipya. Mwaka 1906 daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet, aliunganisha maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya "nyingine" na "kazi" akapata jina la hali ambayo mwili uliokwisha kukutana na kitu fulani huitikia kwa namna nyingine unapokutana nacho tena. Neno lake halikuwa na harufu ya mwiko. Hata hivyo, kama tutakavyoona, mwiko ulipenya humo vilevile.

Miiko ya chakula cha wanawake imeenea sana katika Afrika ya Mashariki. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Buganda, ambako zamani mwanamke hakula kuku wala mayai, na ada hiyo ilipungua nguvu polepole katika karne ya ishirini. Mfano wa pwani ni tofauti kidogo. Waswahili wana kitenzi "kubemenda", yaani kumdhoofisha mtoto anyonyaye kwa wazazi kukutana kabla ya wakati wake, na imani ikaongezwa kwamba maziwa ya mama huharibika. Waganda nao waliuita "obwosi" ugonjwa wa mtoto anayefifia mama yake anaposhika mimba nyingine. Katika mifano yote hii maziwa ya mama ndiyo yanayotiwa hatiani, na mama ndiye mshtakiwa.

Lakini tusizicheke imani hizo upesi. Aliyesema kwamba mtoto hudhoofika mimba ya pili ikija mapema alikuwa ameona jambo la kweli. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika Pwani ya Dhahabu, ambayo sasa ni Ghana, alieleza ugonjwa wa watoto waliovimba miguu, waliobadilika rangi ya nywele na kuchubuka ngozi. Mwaka 1935 aliutia katika vitabu vya tiba kwa jina ambalo Waga wenyewe walilitumia: kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani kumpisha mdogo wake. Waga na Waganda, mbali mbali kama walivyo, walikuwa wameona kitu kimoja. Kosa lilikuwa katika maelezo tu: si maziwa yaliyokuwa yameharibika, bali mtoto alikuwa ameyakosa, na chakula alichopewa badala yake kilikuwa cha wanga mtupu.

Uganda ilipata kuwa moja ya vituo vikuu duniani vya kuchunguza ugonjwa huo. Daktari Hugh Trowell alifanya kazi Mulago kwa miaka mingi, na mwaka 1954 yeye na wenzake, J. N. P. Davies na R. F. A. Dean, walitoa kitabu kizima juu ya kwashiorkor. Katika miaka ya 1960 ilifunguliwa hapo Mulago nyumba ya lishe iitwayo Mwanamugimu, jina lililotolewa katika usemi wa Kiganda juu ya mtoto mwenye siha. Hapo akina mama hawakupewa dawa za chupa. Walifundishwa kupika "kitobero", yaani mchanganyiko wa vyakula vya nyumbani: ndizi au viazi, pamoja na maharage au karanga, na mboga za majani. Fundisho lake kuu lilikuwa kwamba dawa ya mtoto imo shambani mwa mama yake. Tukumbuke kwamba karanga, ambazo baadaye zilikuja kuogopwa kupita vyakula vyote huko Ulaya na Marekani, hapa zilihesabiwa miongoni mwa waokozi.

Wakati huohuo adui mwingine alikuwa akija kwa njia ya duka. Maziwa ya kopo yalitangazwa kama alama ya maendeleo, na mama maskini aliyeyanunua aliyazimua kwa maji mengi, aghalabu maji machafu. Profesa Derrick Jelliffe, aliyefundisha tiba ya watoto Kampala kabla ya kuhamia kwingine, alikuwa miongoni mwa waliopiga kelele. Tarehe 21 Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia utangazaji wa vyakula vinavyochukua nafasi ya maziwa ya mama. Nchi 118 ziliunga mkono, na Marekani peke yake ikapinga. Uganda iliweka kanuni zake za kisheria mwaka 1997.

Watu wa Koboko na Arua walikutana na maziwa ya unga kwa njia chungu zaidi. Baada ya kuanguka kwa serikali ya Idi Amin mwaka 1979, na hasa kufuatia mapigano ya mwaka 1980, wakazi wengi wa Nile Magharibi walikimbilia Zaire na Sudan, na wengi hawakurudi mpaka katikati au mwishoni mwa mwongo huo. Maziwa ya unga ni msaada ambao wafadhili walipenda kuwapelekea wakimbizi popote duniani, pasipo kufikiri maji ya kuyakoroga yatatoka wapi. Mwaka 1989 shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi lilitoa sera ya kudhibiti ugawaji wake. Leo Koboko na Arua ndizo zinazopokea wageni, kutoka Sudan ya Kusini na Kongo, na somo hilo halijapitwa na wakati: katika safari ya ukimbizi, ziwa la mama ndilo chungu pekee kisichohitaji kuni wala kisima.

Sasa tulirudie lile swali la mwanzo. Je, alichokula mama humfikia mtoto? Wataalamu walilijibu mapema. Mwaka 1921 W. R. Shannon wa Marekani alionyesha, kwa kutumia panya wa Guinea, kwamba chembe za protini za chakula alichokula mama zilikuwamo katika maziwa yake. Mwaka 1930 Harry Donnally alitoa ushahidi mwingine juu ya ute mweupe wa yai. Mwaka 2001 watafiti wa Kanada wakiongozwa na Peter Vadas waliwapa wanawake 23 wanaonyonyesha gramu 50 za karanga kila mmoja, kisha wakayapima maziwa yao. Protini ya karanga ilionekana kwa wanawake 11 kati ya hao 23, na ilionekana mapema, kwa wengi katika muda wa saa mbili. Kwa hiyo bibi wa kijijini hakukosea aliposema kwamba chakula hushuka ziwani.

Lakini hushuka kwa kiasi gani? Hapo ndipo penye siri. Protini nyingi huvunjwavunjwa tumboni mwa mama. Chache mno hupenya ukuta wa utumbo zikiwa nzima, zikaingia katika damu na hatimaye katika maziwa. Kiasi chake huhesabiwa kwa nanogramu, na nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Tena chembe hizo haziji peke yake. Huja pamoja na chembe za kinga za mama, ambazo ni nyingi hasa katika dang'a, yale maziwa ya kwanza ya rangi ya manjano ambayo kwa bahati mbaya jamii kadhaa zimezoea kuyakamua na kuyamwaga zikidhani ni machafu. Kwa watoto wengi kiasi hicho kidogo hakidhuru kitu. Huenda hata ndiyo njia ya maumbile ya kumjulisha mtoto vyakula vya kwao kabla hajavila.

Wapo watoto wachache ambao hudhurika. Mwaka 1988 Arne Høst na wenzake walichapisha habari za watoto 1,749 waliozaliwa Odense, Denmark, mwaka 1985. Watoto 39 walipatikana na mzio wa maziwa ya ng'ombe. Kati yao, 9 tu walikuwa wakinyonya ziwa la mama bila chakula kingine, sawa na nusu ya mmoja katika kila mia ya watoto wote. Na ilipochunguzwa zaidi, ilionekana kwamba wote 9 walikuwa wameonjeshwa maziwa ya kopo hospitalini katika siku za kwanza za maisha yao. Basi hata kwa hao wachache, ziwa la mama halikuwa mahali walipokutana na adui kwanza.

Upande wa pili, wako waliolipa ziwa sifa kuliko linavyostahili. Mwaka 1936 C. G. Grulee na H. N. Sanford walitoa hesabu ya watoto 20,061 wa Chicago, wakasema ukurutu ulikuwa mara saba zaidi kwa wale waliolelewa kwa maziwa ya ng'ombe kuliko kwa wale walionyonya. Tafiti za baadaye hazikuona tofauti kubwa kiasi hicho. Huko Belarusi, ambako watoto zaidi ya 17,000 na mama zao walifuatiliwa, matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha kwamba ukurutu ulipungua katika mwaka wa kwanza mahali ambapo akina mama walisaidiwa kunyonyesha vizuri zaidi. Lakini watoto hao walipofika umri wa miaka sita na nusu, mizio haikuwa imepungua. Maziwa ya mama yanaokoa maisha kwa kukinga kuhara na maradhi ya kifua. Si hirizi ya kufukuza kila mzio, wala hayahitaji sifa ya uongo ili yapendwe.

Na sasa tunafika kwenye sura inayonisisimua zaidi katika historia hii, kwa kuwa inaonyesha kwamba mwiko hauishi vijijini peke yake. Mwaka 1998 wakuu wa afya wa Uingereza waliwashauri wanawake wajawazito na wanaonyonyesha, ambao jamaa zao wana mizio, wafikirie kuacha karanga. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilikwenda mbali zaidi: mama anayemnyonyesha mtoto wa ukoo wenye mizio aache karanga, afikirie kuacha mayai, maziwa ya ng'ombe na samaki; na mtoto mwenyewe asipewe yai mpaka miaka 2, wala karanga na samaki mpaka miaka 3. Ushahidi ulikuwa haba, lakini sauti ilikuwa ya wenye elimu. Kumbe ulikuwa ule mwiko wa kale wa kuku na mayai, uliovaa koti jeupe!

Mizio ya karanga haikupungua. Mwaka 2008 Wamarekani waliufuta ushauri wao, na Waingereza wakafuata mwaka 2009. Mwaka huohuo wa 2008 Gideon Lack, George Du Toit na wenzao walionyesha kwamba watoto wa Kiyahudi wanaoishi Uingereza, ambao walizuiwa karanga, walikuwa na mzio wa karanga karibu mara kumi kuliko watoto wa Kiyahudi wa Israeli, ambao huzila tangu uchanga. Kisha walichukua watoto 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa yai, wa umri kati ya miezi 4 na 11, wakawagawa makundi mawili: moja lilishwe karanga kwa utaratibu, la pili lizuiwe. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Miongoni mwa wale ambao vipimo vya ngozi havikuwa vimeonyesha dalili mwanzoni, waliozuiwa walipata mzio 13.7 katika kila mia walipotimiza miaka mitano, waliolishwa, 1.9 tu. Kilichodhaniwa kuwa kinga kilikuwa chanzo cha hatari. Juu ya mama mwenyewe, majumuisho ya tafiti yamefikia uamuzi uleule: hakuna uthibitisho kwamba kujinyima vyakula wakati wa mimba au wa kunyonyesha humkinga mtoto na mizio.

Uganda nayo imechangia katika elimu hii. Kati ya miaka 2003 na 2005, huko Entebbe, wanawake wajawazito 2,507 waliingizwa katika utafiti wa dawa za minyoo. Wengine walipewa dawa halisi, wengine vidonge visivyo na dawa, na watoto wao wakafuatiliwa. Mwaka 2011 Harriet Mpairwe na wenzake walitoa habari iliyowashangaza wengi: watoto ambao mama zao walipewa albendazoli walipata ukurutu zaidi kuliko watoto wa wale ambao hawakupewa, na ndivyo ilivyokuwa pia kwa prazikwanteli miongoni mwa mama waliokuwa na kichocho. Maana yake ni kwamba mwili wa mama, pamoja na wadudu walio ndani yake, huenda humfundisha mtoto tumboni namna ya kuvumilia. Hii haisemi kwamba minyoo ni baraka, wala kwamba mjamzito akatae dawa. Pale safura inapoenea sana, Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito apewe dawa ya minyoo baada ya miezi mitatu ya kwanza. Inasema tu kwamba chanzo cha ukurutu ni kirefu kuliko sahani ya jana, na kwamba swali la "Umekula nini?" halitoshi.

Tukiyakusanya haya yote, tunaweza kumjibu mama wa Kuluba kwa maneno machache. Mama anayenyonyesha huhitaji nguvu ya kalori zipatazo 500 kila siku zaidi ya mahitaji yake ya kawaida. Akila vizuri, anajilinda yeye mwenyewe, kwa kuwa mwili wake ndio unaotoa akiba ili maziwa yapatikane. Upele wa mtoto una sababu nyingi: joto, jasho, sabuni, wadudu, vijidudu. Mtoto akitoa damu katika choo, akivimba midomo, akikosa pumzi au akiwa na ukurutu usiopona, apelekwe hospitali bila kukawia. Mganga akishuku chakula fulani, ataagiza kiachwe kimoja tu, kwa muda wa wiki mbili hadi nne, kisha kirudishwe ili ionekane kama dalili zinarudi. Zisiporudi, chakula kimeshinda kesi na kiendelee kuliwa. Na mtoto atimizapo miezi sita aonjeshwe vyakula vya kwao, karanga zikiwamo, zikiwa zimesagwa na kulainishwa katika uji, kwa maana punje nzima zaweza kumkaba koo. Mwenye ukurutu mkali amwone mganga kwanza.

Iliyobaki ni kazi yetu walimu. Wanafunzi wa Koboko hawana shina la "mzio" katika lugha zao za nyumbani, kwa kuwa Kikakwa ni jamaa ya Kibari, na Kilugbara nacho si Kibantu. Neno hilo watalipokea kutoka kwetu, na watalipokea na maana tutakayowapa. Basi tuwafundishe kutenganisha. Mwiko huwekwa na watu, na watu waweza kuuondoa kwa kukubaliana. Mzio huwekwa na mwili wa mtu mmoja, nao huthibitishwa kwa kupimwa, hautangazwi kwa kijiji kizima. Wasichana tunaowafundisha leo watakuwa mama kesho, na wavulana watakuwa waume wanaonunua au wasionunua samaki sokoni. Wakilijua tofauti ya maneno haya mawili, mama anayenyonyesha hataondolewa sahani mbele yake kwa sababu mtoto amelia.